UZI: Pedali za filta na sinthi kwenye gitaa la besi, nilichojifunza kwa mwaka mmoja na pedali moja niliyoichoma

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi mrefu huu, mwenye bando la nusu saa arudi kesho.

Mi ni mpiga besi, Jumapili niko kanisani, katikati ya wiki tukipata dili la harusi au send-off naenda na washkaji. Gitaa langu nyuzi tano, la kawaida tu. Sasa mwaka jana kulikuwa na ugomvi wa kimya kimya kati yangu na mpiga kinanda wetu, na nadhani wapiga besi wote wa kanisani ugomvi huu mnaujua, jamaa anapiga besi kwa mkono wa kushoto! Nyimbo zikifika zile za kurukaruka, zenye mdundo wa kiamapiano, anabonyeza sauti ya besi ya sinthi (synthesizer, chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme), mkono unashuka huko chini na mimi nabaki nimesimama na gitaa kama nimekuja kupiga picha. Fundi mitambo naye ananishusha kwenye miksa maana besi mbili zikigongana huko chini hakuna noti inayosikika, ni mngurumo tu kama jenereta la jirani. Nikasema hapana, na mimi natafuta sauti ya sinthi kwenye gitaa.

Kosa la kwanza, nikaenda moja kwa moja kununua pedali ya sinthi, kile kiboksi cha kukanyaga kinachogeuza sauti ya gitaa. Mtumba, sitaji jina maana kosa lilikuwa langu. Sikujua filta ni nini, sikujua kwa nini ina vinobu vinne. Nikachomeka, nikapiga uzi wa B ukiwa wazi, ikatoka sauti ya mbuzi aliyemeza redio. Inakatakata, inachelewa, ukipiga noti mbili haraka inameza moja. Mpiga drums alicheka mpaka akaangusha kijiti.

Kosa la pili ndo la aibu. Adapta yake nikaisahau nyumbani, pale mazoezini kulikuwa na adapta ya ruta ya wifi, volti 12, plagi inaingia vizuri kabisa kama imezaliwa nayo. Nikachomeka, taa haikuwaka. Nikadhani waya. Nikachomoa nikachomeka tena, kimya. Mara ya tatu nikasikia harufu, ile ya pasi uliyoisahau kwenye shati la polyester, nikagusa chini ya pedali ikanichoma kidole. Ndo ikawa mwisho wetu.

Basi bila pedali na bila hela nikaanza kusoma na kusikiliza, na hapo ndo nilipojifunza mengi kuliko nilipokuwa nayo. Nianze na filta maana ndo mama wa hizi sauti zote.

Fanya hivi hapo ulipo, sema "uuuu" kwa noti moja, halafu fungua mdomo taratibu uende "aaaa" bila kupandisha wala kushusha noti. Koo halijabadilika chochote, mdomo tu ndo umefunguka na ule ukali wa juu umeruhusiwa kutoka. Filta ya besi ndo hiyo hiyo. Kuna mahali inakata, juu ya hapo sauti haipiti, chini inapita, na wewe unasogeza pale inapokata. Kinobu cha rezonansi, kwenye pedali nyingi kimeandikwa Q au PEAK, kinapandisha sauti pale pale kwenye mpaka, na ndo kinacholeta ule mlio wa "wiau" wa kufinya pua. Ukikizidisha unapasua masikio ya akina mama wa mstari wa mbele, nimeshaonywa.

Sasa kwenye pedali ya wah ya gitaa unasogeza ule mpaka kwa mguu. Filta ya envelopu mguu haumo, inasikiliza nguvu ya kidole chako. Ukipiga kwa nguvu mdomo unafunguka sana, ukipiga taratibu unafunguka kidogo au haufunguki kabisa. Pedali iliyolipa umaarufu jambo hili ni Mu-Tron III, ya kampuni ya Musitronics ya Marekani, 1972, mbunifu wake Mike Beigel. Walikuwa wanatengeneza sinthi nzima kwa kampuni ya magitaa ya Guild, mradi ukafa, wakachomoa kipande kimoja wakakitia kwenye boksi. Kipande tu! Stevie Wonder akakiunga kwenye clavinet (kinanda cha umeme), Bootsy Collins akakiunga kwenye besi, na ile besi ya fanki inayoongea kama mtu mwenye mafua mkaijua wote.

Ninachotaka kusema kwenye huu uzi ni kimoja, hizi pedali hazikupi sauti, zinakusikiliza. Mi nilikuwa najiona napiga sawasawa. Siku nilipoazima filta ya envelopu ya rafiki yangu, MXR ile ya besi, noti ya kwanza "wau", ya pili "uu", ya tatu "wau", ya nne "w". Mstari ule ule nilioupiga miaka sita kanisani. Nikarekodi kwa simu nikasikiliza kwenye daladala, aibu yangu peke yangu. Kidole cha shahada kina nguvu, cha kati kivivu, na miaka yote hakuna aliyeniambia kwa sababu kwenye spika ya kanisa vyote vinatoka "dum".

Nikakaa wiki tatu na noti moja. Uzi wa A, freti ya tano, noti nane kwa kila baa (kipimo kimoja cha mdundo), SENS, kinobu cha usikivu, imeshushwa mpaka filta inafunguka kwa shida, natafuta "wau" nane zinazofanana. Mke wangu alihamia kwa dada yake Jumamosi mbili, alisema ni mapumziko.

Karibuni, wenye uzoefu waongeze nyama.

KinandaMkonoWaKushoto

Mkuu nimejiona humu, jina langu lenyewe linajieleza. Tatizo lako lina dawa moja tu, muachie kinanda kazi ya kinanda. Sauti ya sinthi nyumbani kwake ni huku. Wapiga besi mnapenda kuitaja fanki ya kina Bootsy, haya, ule wimbo Flash Light wa bendi ya Parliament wa 1977, besi ile nzito inayotembea, wengi wanaapa ni gitaa. Ni Minimoog, sinthi yenye kinanda, kapiga Bernie Worrell. Bootsy mwenyewe siku hiyo alikuwa kwenye drums.

Nimeondoka hahaha.

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Umenipiga kwenye mshono mkuu na ni kweli. Ila kinanda noti ukiibonyeza iko pale pale, gitaa nateleza, natetemesha, naua noti katikati, nagonga na kidole gumba. Nikiweka filta juu ya hayo ndo inapatikana kitu ambacho mkono wako wa kushoto haukifikii. Halafu mkono wa kushoto kanisani una kazi nyingine, ushike Biblia.

fundi_redio_mstaafu

Kijana hiyo pedali uliyochoma usiitupe. Nikueleze kilichotokea ili wengine wasirudie.

Pedali nyingi za gitaa ni volti 9 na plagi yake hasi iko KATIKATI, chanya nje. Adapta za ruta nyingi chanya ndo iko katikati. Kwa hiyo umeiingizia umeme kinyume na umeuzidisha, makosa mawili kwa mpigo mmoja. Watengenezaji wengi huweka diodi (kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu) pale mlangoni, umeme ukija kinyume diodi inapitisha wote chini ili usifike ndani. Inajitoa mhanga. Ukichomoa haraka inapona, ukichomeka mara tatu kama wewe inaiva na inabaki imeshoti, ndo maana taa haiwaki tena hata ukirudisha adapta sahihi. Mara nyingi ukiibadilisha hiyo diodi kitu kinaamka, bei yake ya soda. Mpelekee fundi redio mwenye mkono mzuri wa risasi, mwambie aanze kupima diodi iliyo karibu na tundu la umeme kabla hajagusa IC (chipu) yoyote.

Na jingine, someni mchoro uliopo pembeni ya tundu. Kaduara kenye nukta katikati, mstari mmoja unaenda kwenye + na mwingine kwenye -. Angalieni chenye nukta kimeunganishwa na alama gani. Volti pia msikariri 9 kwa kila kitu, ile Bass Micro Synthesizer ya Electro-Harmonix inakuja na adapta yake ya volti 24. Na za dijitali zinakula mkondo mwingi kuliko za analogi, adapta ndogo ikigawiwa pedali tano utasikia mluzi, ukifikiri ni gitaa kumbe ni njaa.

mgeni_wa_besi

Shukrani sana fundi. Mkuu mleta uzi mi ndo naanza, nina gitaa la nyuzi nne na ampu ndogo, hela ya pedali moja tu na yenyewe ya kuungaunga. Nianze na ipi, filta au sinthi? Nisaidieni wakubwa.

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Ungekuja kwangu mwaka jana ningekwambia sinthi. Leo nakwambia kama una kompyuta au una rafiki mwenye studio, usinunue kwanza. Rekodi besi yako dakika mbili, weka filta ya kukata juu kwenye programu yoyote, shika ile mausi na usogeze pale inapokata huku besi inaimba. Nusu saa tu masikio yanafunguka. Utajua unapenda "wau" ya kupanda au ya kushuka, ya haraka au ya kuburuza.

Ukishindwa kuvumilia tafuta Zoom MS-60B ya mtumba. Ni boksi moja dogo lina efekti nyingi ndani, filta zimo, oktava (inayotoa noti yako ile ile lakini ya chini zaidi) imo, sinthi zimo. Sauti zake za sinthi si za kulia machozi ila utajua unachotaka kabla hujaweka hela ndefu. Ile pedali ya sinthi ya plastiki, Behringer BSY600, nayo bei yake si kubwa, ila usiikanyage kama unaua nyoka.

Na kabla ya sinthi, oktava. Nitaeleza nikirudi, naitwa kula.

DadaBesi_Unguja

Ngoja nimsaidie hapo kwenye oktava maana ndo mkate wangu. Mimi napiga hotelini huku Unguja, usiku mmoja tunapiga nyimbo za kila taifa la wageni waliokaa mezani, nusu ya nyimbo za siku hizi besi zake ni za kinanda kwa hiyo bila ujanja huli.

Kaka tatizo lako la mbuzi na redio lilikuwa kwenye uzi wa B, si kwenye pedali peke yake. Sikilizeni. Pedali ya sinthi ya aina ile inayofuata noti, kazi yake ya kwanza ni kujua umepiga noti gani ndo itoe ya kwake. Uzi wa E wa besi unatetema mara 41 kwa sekunde. Ili ijue hilo inabidi isubiri angalau mtetemo mmoja uishe, hiyo ni milisekunde 24. Uzi wako wa B ni mara 31 kwa sekunde, mtetemo mmoja milisekunde 32. Na nyingi zinasubiri zaidi ya mtetemo mmoja ili ziwe na uhakika. Hapo ushachelewa nyuma ya drums na huna pa kulalamika, hata pedali ya mamilioni haiwezi kujua noti ambayo bado haijajitambulisha.

Dawa yake panda juu. Mimi mstari wa A siupigi kwenye freti ya tano ya uzi wa E, nauchukua uzi wa A freti ya 12, pale ni mitetemo 110, pedali inaidaka haraka sana, halafu naiambia iteremshe oktava moja, inatoka 55, ambayo ndo A yenyewe ya chini. Masikioni mwa mgeni mwenye glasi yake ni besi nzito ya kinanda, mkono wangu uko katikati ya gitaa. Kosa la wengi wanapiga chini kabisa halafu wanawasha oktava ya kuteremsha, E ya 41 inashuka mpaka 20, hiyo masikio ya mwanadamu karibu yanagoma na spika zenyewe haziitoi, zinatikisika tu. Unakula nguvu ya ampu bure.

Yangu ni pedali ya oktava, Boss OC-2, ile ya kahawia, walianza kuitengeneza 1982 wakaacha 2003, nimeikuta kwa mzungu anahama. Vinobu vitatu tu, OCT 2 (oktava mbili chini), OCT 1 (oktava moja chini) na DIRECT (sauti yako safi). Zima DIRECT yote, OCT 1 fungua yote, OCT 2 iache sifuri. Hapo una sinthi bila kununua sinthi. Noti moja moja lakini, ukigusa nyuzi mbili inachanganyikiwa kama mtoto wa wazazi walioachana. Wanayo mpya OC-5 yenye swichi ya kurudi kwenye sauti ya zamani, inashika vizuri kuliko yangu, ila mi kile kiburi cha ya zamani nakipenda.

mgeni_wa_besi

Dada hapo kwenye freti ya 12 umeniokoa. Nimejaribu na pedali ya kuazima sasa hivi, kweli haikatikati!! Sasa ukizima DIRECT na kidole kikigusa uzi mwingine kwa bahati mbaya?

DadaBesi_Unguja

Ndo hapo mdogo wangu, unaitwa usafi. Kidole gumba cha kulia kinalalia nyuzi za chini usizozipiga, vya kushoto vinalalia za juu. Na noti iue mapema, kinanda kikiachiwa noti inakufa pale pale, haina mkia. Gitaa lina mkia mrefu na pedali inapofika mkiani, sauti imeshakuwa ndogo, inaanza kubabaika "brrr-p-p". Usiifikishe huko. Kata mwenyewe kabla haijakukatia.

msee_wa_low_end

Niaje wasee. Niko Nairobi, mimi hupiga bass na band ya hoteli na studio mara moja moja, na hii stori imenibamba sana lakini wacha niwapinge kidogo. Mnaongea ni kama sinthi zote ni za kutambua noti. Si zote. Ile Bass Micro Synthesizer fundi ametaja haihitaji kujua noti ni gani ndio ikupe ya kwake. Inachukua sauti yako yenyewe, inaifanya oktava ya chini, oktava ya juu, inaichana iwe ile mawimbi ya mraba, unachanganya zote nne pamoja na besi yako kwa slaida, halafu zote zinapita kwa filta moja. Kuna slaida ya filta ianzie wapi na nyingine iishie wapi, kwa hivyo unaweza kufanya ifunguke ama ifunge, na RATE ndio inaamua mwendo. Mara ya kwanza nilikaa nayo sakafuni masaa matatu kama mtoto na toi.

Sasa siri yenye nilichelewa kujua. Filta haina kazi kama hakuna cha kukata. Besi safi haina mambo mengi huko juu, unafungua filta, unafunga, tofauti ni kidogo tu. Weka fazi (fuzz, pedali ya kukwaruza sauti) mbele yake uone. Fazi inajaza huko juu na vikorombwezo vyote, filta ikifunga unasikia kweli imefunga. Oktava, kisha fazi, kisha filta, hiyo ndiyo sinthi ya maskini na mimi sioni aibu kuiita hivyo.

Shida ni moja. Fazi huwa inasawazisha, piga ngumu piga pole inatoka kiwango kimoja, so filta ya envelopu nyuma yake haijui umepiga aje, inabaki mdomo wazi tu. Ndio maana Q-Tron Plus, filta ya envelopu ya Electro-Harmonix, iliwekewa matundu ya kutoa na kurudisha, fazi unaiweka pale katikati, filta inasikiliza kidole chako kikiwa safi lakini inakata sauti ya fazi. Huyo Q-Tron pia ni kazi ya Mike Beigel yule yule wa Mu-Tron. Na kompresa, ile ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo, msiiweke mbele ya filta kwa sababu hiyo hiyo, weka nyuma ikamate zile kelele zinaruka.

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Aisee msee wa Nairobi hapo kwenye kompresa ndo nimeelewa kwa nini filta yangu ilikuwa inalala siku za ibada na nyumbani inaamka. Kanisani kompresa yangu inakaa ya kwanza miaka yote, niliikuta hivyo kwa aliyenitangulia sikuwahi kuuliza. Kesho naigeuza.

mzee_wa_dansi

Vijana hamjambo. Mjukuu wangu kanionyesha haya mazungumzo nikaona niseme neno.

Sisi wa dansi vyombo vilikuwa vya tajiri wa bendi, gitaa si lako, ampu si yako, ukigombana naye unatoka na vidole vyako tu. Efekti tuliziona kwa wapiga solo. Besi ilikuwa besi. Nilipomsikia mjukuu kanisani na hicho kidude kinachosema "wau wau" nilimuuliza nani kakanyaga paka. Baadaye nikasikiliza vizuri. Kasoro yake si sauti, kasoro yake alikuwa anaiwasha wimbo mzima, beti, kiitikio, sebene, yote. Na inapofungua ule mdomo chini kunakuwa kwepesi, drums inabaki yatima. Kwaya inayumba kwa sababu mguu wa nyumba umetolewa. Mwambieni kidude hicho akifungue kwenye kuchangamsha tu, na ile sauti ya chini isiondoke.

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Umesema kitu ambacho nilikuwa sijakiandika. Filta nyingi za pedali, mbali na kukata juu, zinapunguza na chini, kweli kabisa. Kwenye ile MXR kuna vinobu viwili, DRY na FX, maana yake sauti safi na sauti iliyochujwa unazichanganya unavyotaka. Mwanzo niliweka DRY sifuri nikijua ndo ukali wenyewe, chumbani ilikuwa tamu kweli, kanisani nikapotea. Sasa kinobu cha DRY nakielekeza kama mshale wa saa ukiwa saa tisa mchana, FX kama saa saba na nusu mchana, yaani safi ndo nyingi, filta inakaa juu yake kama chumvi. Pedali isiyo na DRY mi siinunui kwa kazi ya jukwaani, labda kwa studio.

Na kuwasha wimbo mzima nilikuwa na hiyo dhambi.

mzee_wa_dansi

Marahaba.

kijana_wa_sebene

Sawa wakuu, historia na umeme tumesikia, sasa swali la msingi, ile log drum ya amapiano inatoka au haitoki kwenye besi? Maana MC wa harusi hajali Bootsy wala Moog, anataka "gbum-gbudum".

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Haitoki yote, tusidanganyane. Wasauzi ile sauti waliitoa kwenye FL Studio, ni sinthi ya FM (aina ya kutengeneza sauti, si FM ya redio), ina mgongo mgumu kama unagonga gogo halafu noti inaanguka chini. Filta peke yake haishushi noti, inafungua na kufunga ukali tu, kwa hiyo waliokuwa wanakuuzia filta wakikwambia ni log drum wamekupiga.

Nilichofanya mimi baada ya darasa la DadaBesi hapo juu ni hiki. Oktava inatangulia, DIRECT imebaki kidogo sana ili ule mgongano wa kidole usikike. Kiganja cha kulia nakilaza juu ya nyuzi pale karibu na brigi, nagonga kwa kidole gumba upande wa nyama, noti inatoka butu. Napiga kuanzia freti ya 12 kwenda juu, na hapo hapo baada ya kugonga mkono wa kushoto unateleza chini freti mbili tatu bila kugonga tena, ndo ile noti inayoanguka. Filta mwisho, DECAY fupi ili mdomo ujifunge haraka, SENS ndogo. Fundi mitambo alitoa kichwa kwenye miksa akaangalia nani kawasha laptop. Sikumwambia kitu.

Kuteleza ndo kila kitu. Bila kuteleza ni besi yenye mafua tu.

KinandaMkonoWaKushoto

Tunaomba ushahidi, weka sauti.

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

MREJESHO wa Jumapili wakuu, samahani nimechelewa.

Pedali niliyoichoma imefufuka. Fundi redio wa mtaani kwetu alifungua, diodi ilikuwa imevimba kama harage lililolowekwa, akapima, ikasoma shoti, akabadilisha dakika kumi pamoja na simu mbili alizopokea. Mzee fundi ubarikiwe sana. Nimeiweka ila sijaipeleka kanisani, nimegundua oktava na filta zinanitosha, ile ya sinthi nabaki nayo nyumbani nichezee noti za juu.

Ibadani nimeipanga hivi, gitaa, oktava, filta, kompresa, miksa. Wimbo wa kuabudu sikugusa kitu, besi safi. Sifa zilipoanza nikawasha oktava kwenye kiitikio cha pili, filta nikaisubirisha mpaka pale waimbaji wanaponyamaza na kubaki drums na makofi. Nikagonga, nikateleza. Mpiga kinanda akanyanyua mkono wa kushoto kwenye kinanda, mwenyewe bila kuambiwa, akauweka mfukoni. Mfukoni kabisa. Baa nane zile zilikuwa zangu.

Halafu baa ya tisa nikasahau kuzima filta, tukarudi kwenye beti la polepole na mama mchungaji anaomba kwa sauti ya chini, mimi chini yake "wiau... wiau". Dada mmoja wa kwaya alizidiwa akatoka nje kucheka. Nimenunua stika nyekundu ya kubandika kwenye swichi.

Sauti nitaiweka nikipata simu yenye maiki nzuri, niliyorekodi imejaa makofi.

fundi_redio_mstaafu

Hongera. Na ile adapta ya ruta iko wapi?

besi_nyuzi_tano (mleta uzi)

Imerudi kwenye ruta mzee. Nimeifunga na tepu nyeusi, nimeandika kwa korekta "SI YA GITAA".